Walimwita Bila Kumuaga

Mwezi wa Machi, Guangzhou hutoka jasho. Upepo wa kusini huleta unyevu, kuta za majengo ya mtaa wa Dengfeng zikatiririka maji kwa ndani, nguo zisikauke, viatu vikaota ukungu kabatini. Safia alishazoea. Kila asubuhi alipofungua duka alipitisha kitambaa ukutani kabla ya kupanga chochote. Ndiyo maana siku ile, alipougusa ukuta wa chumba cha nyuma akaukuta mkavu, alisimama. Na haukuwa mkavu tu. Ulikuwa na joto, joto la ubavu wa mtu aliyelala.

Alimwita mumewe. Ghalib akaja, akaweka kiganja, akasema labda jirani wa upande wa pili ana jiko hapo.

"Upande wa pili ni ngazi," Safia alisema.

"Basi ni bomba la maji ya moto." Akarudi mbele kwa wateja.

Duka lao liliuza mashine za gemu zilizokwisha tumika. Ghalib, mzaliwa wa Kariakoo, alizinunua kwa jumla, nyingi zikiwa zimetoka Japani, akazipeleka kwa wakala wa bandari ya Huangpu zipakiwe kontenani kwenda Dar es Salaam na Mombasa, kwenye vibanda vya vijana. Safia, Mpemba wa Wete, alikaa mbele na wanunuzi. Chumba cha nyuma, kisicho na dirisha, kilikuwa cha Mutua, Mkamba wa Machakos, fundi wao, ambaye alijaribu kila mashine kabla haijafungwa.

Mutua alikuwa mtu wa maneno mengi. Wiki zile maneno yake yote yalihusu gemu moja ya Kijapani ya kutisha aliyoikuta ndani ya mashine. Mjane anarudi kwenye nyumba ya wageni ya zamani ambayo imeanza kujaa maji. Hana bunduki wala kisu. Ana tochi na pumzi zake tu, na akisikia mwanamke anaimba inambidi ajibanze asitikisike, kwa sababu kile kinachotembea majini hufuata wimbo.

"Mwenye kuitunga amehojiwa humo humo, mwishoni," alimwambia Safia mchana mmoja wakila. "Hiyo nyumba ni ya nyanya yake, alikuwa na gesti kando ya ziwa. Akiwa mtoto alikuwa anasikia maji chini ya sakafu, hawezi lala. Hatua za kile kitu ni gunia la mchele limelowa, wanaliburuta. Na wimbo, fundi wao wa sauti aliurekodi zamani kwa kisiwa fulani huko kwetu Afrika. Kisiwa gani, hawajasema. Kuja usikie, pengine utajua ni lugha gani."

"Mimi vitu vya kutisha sivipendi, Mutua."

"Basi utasikia ukiwa huko mbele."

Alisikia kweli. Alikuwa akikunja nyaya, mvua ya rasharasha ikinyesha nje, na kutoka nyuma ya pazia ikaja ngoma ndogo, halafu sauti ya mwanamke.

*Njoo, mwana wa maji, kiti chakungoja.*
*Chano kimeandaliwa, ubani u motoni.*

Na midomo ya Safia, kabla hajaiuliza, ikaitikia: *Njoo, njoo, nyumba ni yako.*

Wimbo ukakatika ghafla, kama uzi uliokatwa kwa meno. Safia aliacha kukunja waya, kwa sababu sauti ile ilikuwa ya bibi yake.

Kwao Wete, katika kila kizazi, mwanamke mmoja wa ukoo huwa kiti cha pepo anayeitwa kwa wimbo ule, mwana wa maji. Humpanda kichwani, akasema kwa kinywa chake, akapewa alichokuja kutaka, kisha akaimbiwa wimbo wa kuagwa akaenda zake. Bi Lulu, bibi yake, ndiye fundi anayemwita na kumuaga. Kiti alikuwa mama yake Safia, na Safia alikua akimwona mama yule akirudi kutoka kila ngoma amepungua kidogo, mpaka akazikwa. Alipoposwa na mtu wa bara anayefanya biashara Uchina, alikubali siku hiyo hiyo, na moyoni alijua anamkimbia nani.

Hakumwambia Ghalib kitu.

Kesho yake chumba cha nyuma kilinukia langilangi na mavumba, harufu ya ngoma za kwao Pemba. Mwenye jengo, mama wa Kichina wanayemwita laoban, yaani bosi, alipanda ngazi akinusa, akauliza kama wanapika manukato. "Meiyou," Mutua alimjibu kutoka ndani, hakuna, wala hakutoka. Safia alipompelekea chai alimkuta ameketi sakafuni, miguu ameikunja upande kama wanavyokaa wanawake wa Pemba ngomani. Mashine ilikuwa imezimwa.

"Mutua, chai."

"Weka. Na maji ya kunawa yako wapi?" Hakugeuka. "Nimekaa muda wote huu, hata maji ya kunawa sijaletewa."

Ilikuwa sauti ya Mutua, lakini matamshi yalikuwa ya Wete, na Safia aliiweka chai chini akatoka kinyumenyume.

Tangu hapo mambo yakaenda yakizidi. Mutua aliacha chakula, akawa anaomba asali na halua na kitambaa cheupe, yeye aliyekuwa hajui halua ni nini. Akaacha kurudi usiku chumba alichopanga, akaacha kumpigia mkewe Machakos, na mashavu yake yakabonyea kana kwamba kuna mtu anamnyonya kutoka ndani. Na mchana, duka likiwa limejaa watu, taa zote zinawaka, barabara ya chini imejaa wabadilisha fedha na wauza simu na kelele za lugha zote za dunia, Safia alikuwa akisikia upande wa pili wa pazia kitu kizito kilicholowa kikiburutwa taratibu kutoka ukuta hata ukuta, kikisimama kila yeye aliposimama, kikianza kila alipoanza, na alipochungulia alimwona Mutua ameketi palepale, hajasogea, miguu yake mikavu, na maji yametanda sakafuni kote isipokuwa duara alilokalia.

Hapo akamwambia mumewe kila kitu.

Ghalib alikuwa mtu wa msikitini, na maneno ya mapepo aliyaona ni ujinga wa vijijini. Hata hivyo aliingia na simu yake, akaweka kisomo, akasimama mlangoni. Mutua alisikiliza kwa adabu, kichwa ameinamisha, hata aya zikaisha.

"Ahsante," akasema. "Lakini usinisomee ukadhani nitakimbia. Mie naswali tangu babu wa babu yako hajazaliwa."

Mkono wa Ghalib ulishuka wenyewe. "Unataka nini kwa huyu mtu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sikumtaka yeye. Niliitwa. Nimepita nyumba nyingi, naitwa nakuja, sikuti anayenijua. Hapa nikasikia mtu aitikia." Macho yakamtafuta Safia nyuma ya bega la mumewe. "Mwenyewe akajificha, nikamkuta huyu amekaa wazi."

Safia alipiga simu Wete, kwa video, na shangazi akampelekea Bi Lulu kitandani. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Namkumbuka yule Mjapani," alisema. "Kijana mpole, alivua viatu mlangoni. Alikuja na mashine yake, akanasa wito. Tulipofika kwenye kuaga mkanda ukamwishia. Akasema hapana neno, alichonacho kinamtosha."

"Na sasa kimo kwenye gemu, bibi. Watu wanacheza dunia nzima."

"Wanamwita, hawamuagi?"

"Hawajui kama kuna kuaga."

Bi Lulu akaomba simu isogezwe kwa Mutua, akaimba. Sauti ilikuwa imechakaa, lakini ilikuwa ileile. *Rudi, mwana wa maji, njia ni nyeupe.* Mutua aliitazama simu, akatabasamu kwa huzuni.

"Sauti isiyo na pumzi," alisema. "Ndiyo hiyo hiyo inayonisumbua. Mwambieni Bi Lulu aje, au nipelekwe."

Bi Lulu hakuweza hata kufika uani. Na Mutua, Ghalib alipomshika mkono amwinue, alikuwa mzito kama ameshonwa kwenye sakafu. Mwanamume mwingine, Rotich wa duka la jirani, aliitwa kusaidia. Wawili hawakumsogeza hata kidogo, ila pua ya Mutua ilianza kutoka maji, maji safi, yakadondoka kifuani, na pumzi zake zikawa za mtu anayezama.

"Mwacheni," sauti ya Bi Lulu ilisema ndani ya simu. "Mtamuua. Huyo si kiti chake, ndiyo maana anamjaa namna hiyo. Safia, mwanangu, wanisikia?"

"Nakusikia, bibi."

"Sikuamrishi."

Ghalib alielewa kabla mkewe hajajibu. Alimshika bega. "Hapana. Tutampeleka hospitali."

"Watamwona amezama kwenye chumba kikavu," Safia alisema. "Ana watoto wawili, Ghalib. Na hakuitikia yeye. Niliitikia mimi."

"Safia, nakuomba."

"Akishanipanda, nipeleke Wete tu. Upesi. Hayo mengine niachie."

Alijitanda kanga kichwani, akaketi mbele ya Mutua, magoti yakagusana. Alipofungua kinywa alisikia woga wa mama yake umo ndani ya sauti yake. *Njoo, njoo, nyumba ni yako.*

Mutua akaanguka ubavu, akatapika maji, akamwita mkewe kwa Kikamba. Safia alibaki ameketi wima. Baadaye Ghalib alisema kwamba jambo lililomtisha kuliko yote ni jinsi mkewe alivyotulia.

Safarini hakusema neno, si angani, si Dar, si kwenye boti ya kuvukia Pemba. Alikunywa maji tu, chupa baada ya chupa. Wete walimpokea asubuhi. Chano, sinia la vitu vya pepo, kilikuwa tayari, ubani unafuka, wanawake wa ukoo wamekaa duara, na Bi Lulu ameegemezwa mito. Waliimba wito kwa heshima, wakampa pepo asali yake na kitambaa chake na maji ya kunawa, naye akanawa mikono ya Safia taratibu, kidole kwa kidole. Kisha Bi Lulu akaanza kuaga.

*Rudi, mwana wa maji, njia ni nyeupe.*

"Bi Lulu," pepo akamkatiza, "waniaga mlango huu, na kule naitwa."

"Waitwa na nani?"

"Na watu wasionijua. Wamejifungia vyumbani, wananiita, nikifika wanapiga kelele na kuzima. Hawaniulizi jina. Hawanipi hata maji. Kabla sijageuka, mwingine ameita." Kichwa cha Safia kiliinama, kama cha mtu anayetega sikio. "Ndani ya huyu mtoto siwasikii. Kumetulia. Nitakaa."

"Hujawahi kukaa," Bi Lulu alisema. "Huja ukaenda. Ndiyo ahadi yetu na nyie."

"Ahadi ilikuwa mnaniita nyinyi peke yenu."

Ngoma zilinyamaza moja moja. Wanawake walimtazama Bi Lulu, wakingoja ubeti, naye alitazama mikono yake. Alijua nyimbo za kuita na nyimbo za kuaga. Wimbo wa kumtoa asiyetaka kuondoka, katika ukoo ule, haukuwa umewahi kuhitajika.

Bi Lulu alifariki kabla ya mvua za vuli. Mutua alipona; yuko mtaa wa Liuhua sasa, Guangzhou kulekule, anauza viatu vya jumla, na dukani kwake hapigwi muziki wa aina yoyote. Ghalib aliikata vipandevipande kila nakala ya gemu ile aliyoipata mikononi, akijua kwamba ni sawa na kuchota bahari kwa kikombe. Anakwenda Wete kila anapoweza. Asipoweza hupiga simu baada ya Alasiri.

Siku nyingi hupokea Safia, wakazungumza kama mke na mume, akamuuliza anakula nini, duka likoje, atakuja lini. Siku nyingine simu hupokewa na mtu asiye na haraka, anayetoa salamu ndefu na kumuulizia wazee wake wote.

"Safia yuko wapi?" Ghalib humuuliza.

"Yupo. Nimempumzisha." Halafu, kwa upole kabisa, kwa sauti ya mkewe: "Na wewe, mkwe wangu, usimwite kila siku. Mtu huchoka kuitwa."