Nusu Saa na Seva Isiyo na Intaneti

Pale kituo cha afya kila mtu alimwita Nusu Saa. Ukimwambia printa imegoma, alijibu, "Nusu saa tu." Ukimuuliza kompyuta itapona lini, jibu lilikuwa lile lile. Alikuwa fundi mzuri, mwenye mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi. Hata mkewe, muuguzi wa kliniki ya watoto hapo hapo kituoni, alikuwa ameshasahau kumwita jina lingine.

Ijumaa jioni Nusu Saa na mkewe walikuwa nyumbani kwao, ng'ambo ya barabara kutoka kituoni, wanakunywa chai. Mkewe akamwambia, "Jumatatu ni siku ya chanjo. Kina mama watajaa mpaka getini. Nakuomba uiweke ile programu ya kuchapa lebo za kadi. Mwezi uliopita niliandika kwa mkono mpaka vidole vikafa ganzi, nikakosea tarehe ya kurudi ya mtoto mmoja. Mama yake alitembea bure na mtoto mgongoni. Bado naona aibu."

"Nusu saa tu," alisema Nusu Saa, akapuliza chai yake.

Pembeni alikaa mama mkwe wake, aliyekuja kuwatembelea. Mama huyu, kabla ya kustaafu, alitunza seva za ofisi kubwa kwa miaka mingi. Alikohoa kidogo, akaendelea kufuma sweta. Nusu Saa alikisikia kikohozi kile, lakini fundi mzima amuulize mama mkwe mambo ya kompyuta? Afadhali aulize ukuta.

Seva ya kituo ilikuwa kompyuta moja yenye mfumo wa Linux, iliyotunza kumbukumbu za wagonjwa wote. Ilifungiwa katika chumba chake. Haikuunganishwa na intaneti, ili siri za wagonjwa zisivuje. Kwa hiyo programu yoyote mpya ilibidi ipakuliwe kwingine, kisha ipelekwe kwa flashi.

Jumamosi asubuhi Nusu Saa aliipakua programu ya lebo nyumbani, kwa laptopu yake mpya. Akavuka barabara, akachomeka flashi kwenye seva. Seva ikakataa. Iliandika kwamba kifurushi hiki kinahitaji kingine cha kukisaidia.

Ndivyo zilivyo programu za Linux. Huja katika vifurushi, na kifurushi kimoja hutegemea wenzake.

Akarudi nyumbani, akapakua msaidizi. Akavuka barabara. Seva ikasema msaidizi naye anataka msaidizi. Akarudi tena. Fundi viatu wa pale getini alimtazama akipita, akatabasamu.

"Endelea hivyo hivyo, fundi," alisema. "Soli zikiisha, mimi nipo."

Safari ya mwisho seva ilikuja na jambo jipya. Msaidizi mpya anagongana na msaidizi wa zamani. Hawawezi kukaa pamoja.

Nusu Saa akachemka. "Nani fundi hapa, mimi au wewe?" aliiuliza mashine. Akaandika amri ya kuilazimisha. Seva ikatii, na msaidizi wa zamani akaondolewa. Nusu Saa akajipiga kifua.

Kisha akafungua programu ya kumbukumbu za wagonjwa. Haikufunguka. Akajaribu tena. Kimya. Jasho likamtoka, na chumba kile kina kiyoyozi.

Nyumbani mkewe alimpokea mlangoni. "Tayari?"

"Karibu."

"Karibu ya wapi?"

Nusu Saa akatazama viatu vyake. "Lebo hazijachapwa. Na sasa... kumbukumbu za wagonjwa pia hazifunguki."

"Yaani nimekuomba lebo, umeninyang'anya na kumbukumbu? Jumatatu nitawaambia nini wale kina mama?"

Nusu Saa aliingia ndani, akachuchumaa mbele ya mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lakini mbona uliniamkia asubuhi?"

"Naongezea, mama."

Mama mkwe akaweka sindano zake chini. "Nilikuona unavuka barabara, unarudi, unavuka, unarudi. Nikasema, mkwe wangu siku hizi anafanya mazoezi."

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Baba, mbona hukuniuliza?"

Mkewe alicheka akiwa bado amekasirika. Nusu Saa akaeleza yote, hata lile la kulazimisha.

"Mfumo wa seva ni toleo gani?" aliuliza mama mkwe.

"La miaka kadhaa iliyopita."

"Na wa laptopu yako?"

"La mwaka huu."

"Basi umepima kiatu kwenye mguu wako, ukampelekea mwenzio. Vifurushi ulivyopakua ni vya mfumo mpya. Programu ya kumbukumbu ilikuwa inamtegemea yule msaidizi wa zamani, nawe umemfukuza. Seva ilipokataa haikukutukana, mwanangu. Ilikuwa inakuonya."

"Sasa nifanyeje?"

"Kwanza mrudishe wa zamani. Utampata kwenye diski iliyotumika kuweka mfumo wa seva. Kisha itengenezee seva pacha. Chukua kompyuta isiyo na kazi, iwekee mfumo wa toleo lile lile, na vifurushi vile vile. Pacha hana siri ya mgonjwa yeyote, kwa hiyo muunganishe na intaneti bila hofu. Mwambie apakue programu ya lebo pamoja na wasaidizi wake wote, kwa mara moja. Na kabla hujaiwekea seva programu hiyo, toa nakala ya kumbukumbu zote."

Kazi ikaanza jioni ile ile. Msaidizi wa zamani aliporudishwa, kumbukumbu zikafunguka. Nusu Saa nusura aibusu kibodi.

Jumapili mchana pacha alikuwa tayari, na vifurushi vyote vilikuwa kwenye flashi. Mama mkwe alimsindikiza. Kwa kuwa chumba cha seva ni cha wafanyakazi tu, aliketi kwenye benchi nje ya mlango na sweta lake.

"Nakala umetoa?" aliuliza kwa sauti.

"Nimetoa, mama!"

"Sasa tumia amri ya kujaribu. Itakuonyesha kitakachoingia na kitakachoondolewa, bila kubadilisha chochote. Soma kwa sauti!"

Nusu Saa akasoma. Lebo, itaingia. Wasaidizi, wataingia. Kisha akafika mstari wa mwisho. "Programu ya kumbukumbu... itaondolewa."

Kidole kilikuwa juu ya kibodi, kinawasha. Jana angebonyeza. Leo alikirudisha kidole mfukoni.

"Hebu kagua flashi, kuna nini humo?" aliuliza mama mkwe.

Akaikagua. Vile vifurushi vya jana, vya mfumo mpya, vilikuwa bado humo, vimechanganyika na vya leo. Akavifuta vyote, akajaribu upya.

"Vitakavyoondolewa: hakuna!" alipiga kelele.

"Basi sakinisha vyote kwa pamoja. Seva yenyewe itajua nani atangulie."

Jumatatu kina mama walijaa mpaka getini. Printa ilitoa lebo baada ya lebo, kila moja na jina la mtoto na tarehe ya kurudi. Mama mmoja alimsogeza mtoto wake begani, akaisoma lebo yake, akaisoma tena. "Safari hii sitatembea bure," alisema. Muuguzi alimtambua. Alimshika mkono, na machozi yakamlengalenga.

Jioni mkuu wa kituo alimwita Nusu Saa mbele ya wafanyakazi wenzake. Alitaka programu nyingine, ya stoo ya dawa. "Itachukua muda gani?" aliuliza.

Wote wakasubiri jibu wanalolijua.

"Sijui bado," alisema Nusu Saa. "Nitaanza kwa pacha, nione inahitaji nini."

Nyumbani alikuta begi la mama mkwe limefungwa, liko mlangoni. Sweta lilikuwa limeisha, na lilikuwa la kipimo cha Nusu Saa.

"Mama, mgeni njoo mwenyeji apone," alisema. "Usituache sasa. Kaa kidogo, kuna ya stoo."

Mama mkwe akamtazama, akamtazama binti yake, akavua viatu.

"Haya, nakaa," alisema. "Nusu saa tu."

Alikaa mwezi mzima.