Saa ya Mikono Mitupu

Vidole vya Subilaga vilikuwa vinafinyanga twiga, lakini macho yake yalikuwa dirishani, yakihesabu ndege za mizigo zilizopita mbele ya mlima Loleza. Hakuutazama udongo hata mara moja. Vidole vilivuta shingo, vikabana masikio, vikatia madoa kwa ncha ya kijiti, na baada ya dakika nne twiga akasimama mezani, mzuri kuliko wa kununua.

"Vizuri sana, Subilaga," ilisema sauti kutoka kwenye kisanduku cha ukutani. "Sasa tunahesabu maharage."

Vidole vikaenda bakulini. Mtoto akaendelea kutazama ndege.

Alikuwa na miaka sita, na mikononi alivaa vifunzamkono. Hizo zilikuwa glavu nyembamba kama ganda la kitunguu, zenye nyuzi zilizogusa mishipa ya fahamu. Kisanduku kilituma somo, nyuzi zikaiamuru misuli, misuli ikatii. Tangu shule za watoto wadogo zilipofungwa jijini Mbeya, kila nyumba yenye mtoto ilipewa jozi moja. Mtoto alifunzwa nyumbani kwa kufinyanga, kukata karatasi na kupanda mbegu, mpaka mkaguzi alipokuja kumpima. Aliyefaulu alikwenda shule ya msingi, akakaa na wenzake. Aliyeshindwa alivishwa vifunzamkono vya kudumu na kupelekwa karakana, ambako mikono yake ilifanya kazi iliyoagizwa na mashine mpaka uzeeni.

Fundi aliyeileta jozi yao alimwambia Atuganile, mama yake Subilaga, jambo moja, akalirudia.

"Saa moja kwa siku, basi. Halafu unamvua, unakaa naye saa nyingine mikono mitupu. Unga, mchanga, karatasi, chochote. Wewe na yeye, mama. Mcheze."

Atuganile alijaribu. Siku ya kwanza alikanda unga, akafinyanga twiga. Subilaga alimwangalia, akaangua kicheko.

"Mama, huyo mbuzi!"

"Twiga huyo, bwana."

"Mbuzi! Tena anaumwa."

Atuganile alicheka naye, lakini neno lile lilimchoma. Aliacha shule darasa la nne, akawa mtu wa kukaa nyuma ya wenzake na kuomba asiulizwe kitu. Aliwaza, mtu kama yeye atafundisha nini mbele ya mashine inayojua kila kitu? Kesho yake hakumvua mtoto. Saa moja ikawa tatu. Tatu zikawa kutwa.

Katika jengo lao la ghorofa arobaini, akina mama walikuwa na desturi ya kupanga kazi za watoto kwenye dirisha la upande wa korido, ili wapitao waone. Dirisha la Atuganile lilisimamisha watu. La jirani yake, Mama Ipyana, lilijaa mabonge.

"Mama Subi, wewe umezaa fundi," Mama Ipyana alimwambia siku moja. "Wangu kaniletea tembo, nikadhani kiazi kimeoza. Nusura nimtupe jalalani!"

Atuganile aliinamisha uso, akatabasamu. Maishani mwake hakuwahi kuonewa wivu na mtu.

Jioni tu, wakati wa kuoga, ndipo alipomvua Subilaga zile glavu. Mtoto aliacha mikono ining'inie. Wakikaa kula alifungua mdomo, akangoja tonge.

"Unadeka wewe," Atuganile alisema, na akamlisha.

Mkaguzi alikuja siku ya Jumanne. Aliitwa Bwana Mwaisumo, mzee mpole mwenye mkoba wa kitambaa. Alikuwa ametoka kwa Mama Ipyana, na vigelegele vya huko vilisikika mpaka kwenye korido.

"Shikamoo, baba. Karibu," alisema Atuganile.

"Marahaba, mwanangu." Aliwatazama twiga wa dirishani. Walikuwa ishirini na sita, wote kimo kimoja, kila doa mahali palepale. Hakuwasifu. "Hebu mvue mtoto."

Alimwekea Subilaga bonge la udongo mezani.

"Haya, mjukuu wangu. Nifinyangie kitu chochote unachokipenda."

Subilaga aliweka mikono pembeni ya udongo, akatulia. Maji ya chai yalichemka jikoni mpaka yakaanza kumwagika, na hakuna aliyeyajali.

"Mbona huanzi?"

"Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Mikono ianze."

"Ana aibu huyu, baba," Atuganile alisema haraka. "Karithi kwangu. Subi, shika udongo, mama."

"Sijui unashikwaje."

Bwana Mwaisumo alivuta kiti, akakaa karibu na Atuganile, akazungumza kwa sauti ya chini.

"Mishipa ya mtoto ni kama njia ya porini. Ikipitwa, inabaki wazi. Isipopitwa, inaota majani. Glavu inamwonyesha mkono mwendo, lakini amri inatoka nje. Ile saa ya mikono mitupu ndiyo inayofungua njia yake mwenyewe. Ulimvisha saa ngapi kwa siku?"

"Kutwa."

"Na saa yako?"

Atuganile alitazama sakafu. "Mimi sikusoma, baba. Twiga wangu anafanana na mbuzi."

"Yule wa jirani amenifinyangia bonge, akaniambia ni bibi yake amelala. Nimempa alama zote." Alisimama taratibu. "Nakupa siku thelathini. Nikirudi, aniokotee harage moja tu. Moja, kwa vidole vyake."

Akaondoka na kisanduku pamoja na zile glavu.

Atuganile alizima jiko, akarudi mezani, akalikata lile bonge la udongo. Alifinyanga mwili, akabandika miguu, akavuta shingo, ikakatika, akaibandika tena.

Subilaga alitazama. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, hakutazama dirishani.

"Shingo fupi, Mama. Huyo mbuzi."

"Basi irefushe wewe."

Mtoto aliitazama mikono yake kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama viatu vya mgeni mlangoni. Kisha akainua viwiko na kuisogeza yote miwili mbele ya mama yake, vidole vikining'inia.

"Iambie," alisema.

Atuganile hakuwahi kusema neno mbele ya darasa. Aliukamata mkono mdogo, akahisi unalegea ndani ya wake, tayari kuongozwa. Akauachia upesi kama umemuunguza. Akauweka mezani, kando ya twiga mwenye shingo fupi, na yeye akaweka wa kwake mbali kidogo. Akainama karibu kabisa na vidole vile, akaanza na kidole gumba, akakiita kwa jina.

Hakikusogea. Akakiita tena.