Saba Saba Kule Kwemgogo

Mara ya kwanza Mwaija Mdoe kumwona Athuman Mhina alimdharau, na tusimlaumu. Nani asingemdharau? Jumamosi saa nne asubuhi, stendi ya Korogwe inafuka vumbi na moshi wa mishikaki, basi la Handeni limejaa mpaka ngazini, na kijana mzima amesimama mlangoni na kaunda suti ya rangi ya maziwa, kalamu tatu mfukoni, anamsomea utingo kanuni ya idadi ya abiria. Anasoma kweli, kutoka kwenye karatasi! Utingo alikuwa akichokonoa meno.

"Kifungu cha pili, ndugu, kinasema..."

"Kaka," Mwaija alimkatiza, "kifungu chako kizuri. Ila begi lako linakwenda Tanga."

Athuman aligeuka. Begi lake la kahawia lilikuwa juu ya basi la Tanga, limekwisha fungwa kamba, na basi linatoka. Akatimua mbio, kalamu zinamdondoka njiani. Aliporudi na begi kifuani, suti ilikuwa imegeuka rangi ya udongo. Mwaija alisubiri amtupie lawama utingo, kama wafanyavyo wanaume wa ofisini. Badala yake kijana alijicheka mwenyewe mpaka akashika magoti.

"Dada, kama si wewe nguo zangu zingeoga baharini kabla yangu. Unaitwa nani?"

"Mwulize utingo. Si ndiye uliyekuwa na mazungumzo naye?"

Lakini jina alimpa. Alikuwa amevaa gauni la kitenge cha njano lililomkaa kiunoni, na viatu vya raizoni vilivyomwongezea kimo ambacho wala hakukihitaji. Aliuza katika duka la ushirika mtaa wa Manundu, pale Korogwe, na wateja walimwogopa kuliko meneja. Mwanamume anayejicheka mwenyewe alikuwa hajapata kumwona, na hapo ndipo alipoponzwa.

Athuman alikuwa karani katika ofisi moja huko Handeni. Duka lilikuwa na simu ya kuzungusha mkono, mezani kwa meneja Simeo, na kila Jumatano ililia.

"Haloo, ua la Manundu?"

"Ua gani? Hapa dukani. Tuna chumvi na viberiti, sukari hakuna."

"Basi nipimie sauti yako, kilo mbili."

"Njoo na mfuko wako."

"Dakika tatu zimekwisha," alisema opereta, mama mmoja aliyesikiliza kila neno wala haoni haya.

Kufikia mwezi wa tatu Mwaija alimpenda. Alimpenda sana, na bado alimdharau, kwa maana jamaa hakuweza kufanya lolote bila kuliandika. Siku moja alimkuta na karatasi: kwanza kusalimiana, pili soda, tatu kutembea hadi darajani.

"Na busu umeliweka namba ngapi?"

"Liko kwenye mengineyo," Athuman alijibu, akaona haya mpaka masikioni.

Mwishoni mwa mwezi wa sita simu ililia siku isiyo Jumatano.

"Mpenzi! Saba Saba ofisi yetu inakwenda matembezi, na katibu wa kamati ni mimi. Watu arobaini na wanane, lori moja, tunakwenda kuona maporomoko ya maji porini. Jina lako nimeshaliandika."

"Porini wapi?"

"Hupajui. Kitongoji kimoja kinaitwa Kwemgogo."

Mwaija aliketi juu ya gunia la chumvi. "Mtakula nini huko?"

"Nimepanga kila kitu. Sikiliza." Karatasi ikachakarika. "Chakula: kuku, ndizi na mihogo, tutanunua kwa wanakijiji. Maji: visima viwili vya kijiji. Vyoo: vya wanakijiji, viko kumi na tisa. Fedha: shilingi tano kila mtu, zinakaa kwa katibu. Huku tunabeba masufuria, chumvi na majani ya chai tu. Zile ni kaya thelathini na mbili, mpenzi, hazitashindwa kutulisha siku moja. Nawajua, niliwaandika mwaka jana."

"Uliwaandika wewe?"

"Orodha nzima, kwa mkono wangu."

Kwemgogo ndiko alikozaliwa Mwaija. Hakuwa amemwambia. Yeye, kama watu wote wa vitongoji vile, akiulizwa kwao husema Misima, jina la kata nzima, kwa sababu watu wa mjini huyacheka majina ya vitongoji. Na Kwemgogo hapakuwa tena na kaya hata moja. Mwezi wa kumi wa mwaka uliopita, wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini, lori lilikuja na mtu mwenye orodha, majina yakasomwa, watu wakapakiwa na vyungu vyao, mapaa yakang'olewa ili mtu asirudi. Walishushwa kando ya barabara, mahali palipoitwa Umoja. Baba yake, Mzee Mdoe, aliacha shamba zima la mihogo ardhini.

Na aliyeandika orodha ile ndiye huyu, anayempimia sauti kwa kilo. Aliandika watu, kisha hakuuliza hata mara moja walikwenda wapi. Kwenye faili lake bado wanaishi kule kule, na vyoo vyao kumi na tisa, wanamngoja awalipe shilingi mbili kwa kuku. Dharau ilimpanda Mwaija upya. Maneno matatu yangetosha kuivunja safari: kule hakuna mtu. Akayameza.

"Mpango mzuri sana," alisema. "Utakumbukwa."

Siku ya Saba Saba lori liliondoka Handeni kwa nyimbo na makofi. Mkuu wa ofisi, Bwana Ponsiano, alipanda na kiti chake cha kukunja, maana makalio yake hayakuwa ya kukaa chini na wananchi. Mkewe Hilaria alivaa viatu vyeupe kwenda porini. Mwaija aliwatazama wote, kisha akatazama kikapu chake. Alikuwa na chupa ya chai na chapati mbili, zake peke yake. Athuman alikaa karibu naye, karatasi ya mpango mapajani, anameremeta kwa furaha.

"Umependeza, mpenzi."

"Wewe pia. Suti imefuliwa vizuri. Ukae hivyo hivyo."

Walishushwa saa tano pamoja na masufuria na sepeto la dereva. Lori likaenda kwenye kazi nyingine, mpaka saa kumi. Maji yalikuwa yakiporomoka vizuri, lakini maji hayatazamwi muda mrefu na mtu mwenye njaa, na saa sita wote waligeuka kukitafuta kijiji.

Walikuta kuta bila mapaa. Mimea ya maboga ilikuwa imetambaa hadi ndani ya vyumba. Visima vilikuwa vimefukiwa na majani, na vyoo kumi na tisa vimetitia, hakuna aliyethubutu kukanyaga. Makarani wa kike walisimama wamebana miguu, wanatafuta kichaka kwa macho. Athuman alikwenda ukuta hadi ukuta na karatasi yake, kana kwamba watu wamejificha.

"Hodi!" aliita kwenye nyumba isiyo na mlango. "Hodi wenyewe!"

Mwaija alikuwa ameungoja wakati huu siku tisa ili acheke. Lakini nyumba ile ilikuwa yao, na kicheko hakikuja.

"Mhina!" Bwana Ponsiano alinguruma kutoka kwenye kiti chake. "Wanakijiji wako wako wapi?"

Athuman alisoma karatasi, akatazama kuta, akaikunja karatasi. "Tuliwahamisha, mzee."

"Nani aliwahamisha?"

"Sisi."

"Usiniletee sisi. Chakula kiko wapi?"

Katibu alikuwa na shilingi mia mbili na arobaini mfukoni, na pale porini hazikuweza kununua hata yai viza. Bwana Ponsiano, mtu asiyekubali kushindwa na tumbo, alinyoosha kidole kwenye shamba la nyuma. "Si mihogo ile? Ng'oeni!" Watu walijitupa kwenye matuta ya kwanza kama nzige. Hilaria alikuwa wa mbele kabisa, viatu vyeupe na vyote. Alimenya wake kwa meno na kuanza kuutafuna mbichi.

"Tema!" Mwaija alipiga kelele. "Mama, tema! Tupeni hiyo yote!"

Wote wakamgeukia. Hilaria alitema kwenye kiganja.

"Hiyo ya kando ni michungu. Inapandwa ukingoni kuwazuia nguruwe pori, na mtu akiila mbichi inamuua. Ya kula iko ndani, kuanzia tuta la nne."

"Wewe umejuaje?" aliuliza Bwana Ponsiano.

"Shamba la baba yangu."

Athuman alimtazama, na Mwaija aliona jinsi habari ile ilivyomwingia usoni kidogo kidogo, mpaka ikafika mwisho. Kisha kijana alivua shati la suti, akalitundika ukutani, akachukua sepeto. Wakati Mwaija akiwapanga wenye viatu vyeupe kung'oa, kumenya na kuchota maji mtoni, Athuman alichimba choo cha wanawake, akakizungushia majani ya migomba, kisha akaanza cha wanaume. Bwana Ponsiano alikuwa wa kwanza kukitumia, na hakusema asante.

Mihogo ilipokuwa jikoni Mwaija alimfuata shimoni.

"Ulijua," Athuman alisema bila kuinua kichwa. "Siku ile kwenye simu."

"Nilijua."

"Ukaniacha nilete watu arobaini na wanane kwenye njaa."

"Na wewe uliwaletea lori baba yangu na mama yangu."

Sepeto lilisimama. "Niliambiwa orodha ni ya kugawa dawa na mbegu. Sikuuliza zaidi. Lori lilipoondoka kuwafuata nilikuwa dirishani mwa ofisi, na bado sikuuliza. Hilo ni langu, sitalikana. Lakini mama Hilaria angekufa leo, Mwaija. Hilo lingekuwa la nani?"

Tangu utoto Mwaija alikuwa na jibu la kila mtu. Sasa aliona aibu, aibu ya kweli, na ile dharau aliyoibeba tangu Korogwe ilimrudia mwenyewe.

"Langu," alisema. Akafunua kikapu. "Nina chapati mbili. Nilizileta ili nitafune nikikutazama unavyoona njaa."

"Mbili tu?"

"Ungetaka nikuletee na mchuzi?"

Athuman alianza kucheka, akiwa na udongo hadi kifuani, na Mwaija akacheka, kisha wakanyamaza kwa sababu mmoja wao alikuwa analia, na hakuwa Mwaija.

"Bado unanidharau?"

"Sana."

"Basi nikija kuposa..."

"Uje wapi? Unajua wazazi wangu waliposhushwa?"

"Sijui."

"Watu wote wale umewaandika, na hujui hata walipo. Shuka nami jioni, nikuoneshe."

Saa kumi na moja lori liliwaacha Umoja, penye nyumba zilizopangwa mstari mmoja kama maduka yasiyo na bidhaa. Mzee Mdoe alikuwa barazani, anasuka kamba. Athuman alipiga hatua mbele kabla Mwaija hajasema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mimi ni Athuman Mhina. Orodha ya Kwemgogo niliiandika mimi. Nimekuja kumposa binti yako. Ukinifukuza nitakwenda, na Jumapili nitarudi."

Mzee alimtazama kuanzia viatu kwenda juu, polepole. "Mtu hujiposea mwenyewe? Kwenu hakuna wazee, au nao umewaandika wakahamishwa?"

Athuman aliinamisha kichwa. Mwaija alisimama nyuma yake akingoja, kwa maana baba yake akisema hapana hiyo ni hapana, na yeye asingemvuka.

"Mmetoka kule?" mzee aliuliza, na sauti yake ilikuwa nyingine.

"Ndiyo, mzee. Tumekula mihogo yako. Ya ndani."

"Imekuwa mikubwa?"

Athuman alionesha kwa mkono wake mwenyewe, kutoka ncha ya vidole hadi kwenye kiwiko, kisha akapandisha karibu na bega. Mzee Mdoe aliutazama mkono ule wenye udongo wa shamba lake, akautazama sana, akageuza uso kuelekea barabarani, ambako hapakuwa na gari wala mtu. Alipangusa macho kwa kamba aliyokuwa akiisuka.

"Jumapili walete wazee wako," alisema. "Tena waje wameshakula. Hapa hatulishi watu wa ofisi."