Lakiri ya Injini Namba Tatu

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, Jumapili ya mbio za mwisho za msimu, fundi mkuu wa timu ya bluu alitoka kwenye karakana namba saba, akasimama katikati ya njia ya lami na kusema maneno matano tu kwenye simu: "Mama, lakiri ya injini imekatwa."

Aliyepigiwa alikuwa mkaguzi wa ufundi wa mashindano. Kwa miaka kumi na sita mwanamke huyo alikuwa akifunga injini za pikipiki za mbio kwa waya mwembamba na kidonge cha risasi, akikibana kwa koleo lenye namba yake, ili asitokee mtu wa kuchezea vitu vya ndani bila kujulikana. Madereva walimwita Mama Lakiri. Alifika saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano, vifungo vya koti vikiwa vimepishana na matundu yake, mkono ukichezea lile koleo mfukoni: ta, ta, ta. Kutulia hakukuwa tabia yake hata siku za amani, na karakana ya jirani walikuwa wameanza kupasha injini moto. Mngurumo ulipanda, ukashuka, ukapanda tena, kama mtu anayetaka kusema jambo na kulimeza.

Pikipiki ilikuwa juu ya stendi, bodi yake ya plastiki ya kushoto imelazwa sakafuni. Waya uliopita katika boliti mbili za kifuniko cha injini ulikuwa umekatwa. Kidonge cha risasi kiliwekwa juu ya kitambaa safi kilichokunjwa mara nne. Mkaguzi alipitisha kidole kwenye ncha za waya, akijiandaa kuchomwa. Hakuchomwa. Ncha zote mbili zilikuwa zimekunjwa kwa ndani.

Nyuma yake, juu ya meza ya chuma, ilikuwepo injini namba moja, ya akiba. Kidirisha chake kilionyesha mafuta mapya, ya rangi ya asali.

"Umegusa nini, Fundi?"

"Sijagusa kitu, Mama. Nimechukua ufunguo kwa mlinzi saa kumi na mbili kamili, nimefungua, nimekuta bodi iko chini. Nikaona waya. Nikakupigia."

"Dakika kumi baadaye."

"Miguu ilikataa."

Alikuwa mwanamume mpana wa mabega, mwenye mikono iliyojaa makovu madogo meupe. Dereva wa timu, binti aliyeitwa Cheche na mashabiki, alikuwa mtoto wa dada yake. Ndiye aliyemfundisha kuendesha. Cheche aliongoza msimu kwa pointi tisa. Jana, katika mbio za kupanga nafasi, alikuwa ametumia injini namba tatu kwa mara ya kwanza na kuwaacha wenzake mbali kiasi cha watu kutazamana.

Sheria ilijulikana na wote. Lakiri ikikatwa, injini hufunguliwa mbele ya mashahidi, na aliyeikata lazima ajulikane kabla ya saa sita mchana; la sivyo pikipiki haianzi. Injini ikikutwa na kasoro kabla ya mbio, dereva hufunga injini nyingine na kuanzia nyuma kabisa. Ikikutwa baada ya mbio, hupoteza pointi za msimu mzima.

Mkurugenzi wa mashindano alifika akiwa na simu mbili. Kampuni yake ilikuwa imeyanunua mashindano mwanzoni mwa msimu, naye alipenda mambo yaende.

"Mama Lakiri, bandika nyingine twende. Televisheni imenunua saa mbili nzima, haikununua matatizo."

"Hii si plasta, Mkurugenzi. Haibandikwi juu ya kidonda."

"Mpaka saa nne basi. Baada ya hapo nitaamua mimi."

Mkaguzi alikwenda ofisini kwake kuchukua daftari la ukaguzi. Kando ya mlango, ukutani, yalikuwepo matundu mawili ya skrubu. Hapo palikuwa na sanduku la malalamiko, ambamo kwa miaka mingi mtu yeyote, hata mfagiaji, aliweza kutumbukiza karatasi bila jina. Uongozi mpya uliling'oa. Siku hizi lalamiko lilihitaji jina la mlalamikaji na sahihi ya meneja wa timu yake. Mkaguzi alikuwa akiyapita matundu hayo kila siku. Leo aliyatazama kidogo, kisha akaingia ndani.

Daftari lilisema hivi: Jumamosi, saa moja na dakika hamsini jioni, karakana saba, injini tatu, lakiri nzima. Aliandika hivyo baada ya kuishika kwa mkono wake, bodi zikiwa zimefunguliwa kwa usafi. Fundi mkuu alizirudisha mbele ya macho yake, akafunga mlango saa mbili na kumkabidhi mlinzi ufunguo pekee. Karakana haikuwa na dirisha.

Kitabu cha mlinzi kilikuwa na mistari mitatu zaidi. Meneja wa zamani wa timu: aliingia saa moja na robo jioni, alitoka saa moja na nusu. Meneja mpya: alichukua ufunguo saa kumi na moja na nusu alfajiri, aliurudisha saa kumi na moja na dakika hamsini. Fundi mkuu: saa kumi na mbili kamili.

"Hakuna mwingine?" mkaguzi alimuuliza mlinzi.

"Labda panya, Mama. Na panya wa hapa hawaandikishwi."

Meneja mpya, aliyeajiriwa wiki tatu zilizopita, hakuhitaji kutafutwa. Alikuja mwenyewe, shati limenyooka kama karatasi, harufu ya manukato ikitangulia.

"Ni yule mzee niliyemrithi," alisema. "Amefukuzwa, ana kinyongo, jana alionekana hapa. Unataka nini zaidi?"

"Nataka kujua wewe ulifuata nini alfajiri."

"Stika. Mdhamini mpya ametuma stika zake jana, akataka zionekane leo. Nimezibandika mwenyewe, mafundi huzipinda. Niliiacha pikipiki inameremeta, nzima."

"Basi tuifungue injini, tuone kama kuna aliyeichezea."

Meneja alitabasamu. "Ukiifungua, haitarudi kwa wakati. Utakuwa umemaliza kazi ya huyo mhalifu. Piga lakiri mpya. Timu haina lalamiko. Mimi ndiye meneja, nami nakuambia hatuna lalamiko."

Ta, ta, ta, lilisema koleo mfukoni.

Meneja wa zamani alipatikana kwenye uzio wa watazamaji, amekalia kiti cha kukunja cha turubai kilichofifia rangi.

"Nilikuja kuchukua hiki," alisema bila kuulizwa. "Nimekikalia miaka tisa. Nimefukuzwa mimi, mgongo wangu haukufukuzwa."

"Una hasira nao, Mzee?"

"Ninayo, tele. Lakini yule binti nilimsajili akiwa bado anaanguka kwenye kila kona. Nimharibie mbio zake za ubingwa? Afadhali nikuumize wewe."

"Asante."

"Karibu."

Mkaguzi alicheka kidogo, na hakumwambia kwamba alikwishamtoa kwenye orodha. Mzee aliondoka saa moja na nusu. Mkaguzi mwenyewe alishika lakiri nzima dakika ishirini baadaye.

Walibaki wawili. Alimkuta Cheche nyuma ya lori la timu, amevaa suti ya ngozi hadi kiunoni, anatembea hatua nne kwenda na nne kurudi.

"Nitaanza au sitaanza, Mama?"

"Niambie kwanza: injini namba tatu ikoje?"

Macho ya binti yaling'aa. "Inavuta kama imetukanwa! Naipenda. Mjomba ndiye asiyeipenda. Nikimuuliza kwa nini, ananiambia nivae glavu. Hajala vizuri tangu Alhamisi."

Alhamisi ndiyo siku mkaguzi alipoipiga lakiri injini hiyo. Ililetwa na meneja mpya ndani ya kasha, ikitoka karakana ya nje, ikiwa na fomu ya kuthibitisha vipimo iliyosainiwa na fundi mkuu. Kwa kuamini sahihi hiyo, mkaguzi alibana risasi bila kufungua. Ndivyo utaratibu ulivyoruhusu. Sasa alisikia joto likimpanda shingoni.

Alirudi karakana saba karibu anakimbia, akapiga magoti kando ya bodi iliyolazwa sakafuni. Stika ya mdhamini ilikuwa kubwa. Nusu yake ilikuwa kwenye bodi hiyo, nusu nyingine ilibaki kwenye bodi ya mbele, juu ya pikipiki. Katikati, penye kiungo, ilikuwa imekatwa kwa wembe, imenyooka, bila uzi hata mmoja unaoning'inia.

Aliinuka polepole. Kwa mara ya kwanza tangu alfajiri mkono wake mfukoni ulikuwa kimya.

Saa tatu na nusu aliwakusanya karakanani: mkurugenzi, mameneja wawili, fundi mkuu na Cheche. Mlango ulifungwa, mngurumo wa nje ukabaki mtetemo miguuni.

"Stika hii ilibandikwa alfajiri, ikiwa imevuka kiungo cha bodi mbili," mkaguzi alianza. "Bodi haiwezi kutoka bila stika kukatwa. Kwa hiyo bodi ilifunguliwa baada ya kubandikwa stika. Kuanzia hapo walioingia ni wawili tu: Meneja na Fundi."

"Mimi?" Meneja mpya alicheka. "Nikate stika niliyotoka kuibandika?"

"Hapana. Wewe ungeichana. Aliyeikata aliinyoosha pembeni, kwa sababu anajua stika yenye ncha iliyoachia hupigwa na upepo ikampiga dereva mguuni. Na aliyekata waya alikunja ncha zake ili zisimchome atakayekuja kuushika, yaani mimi. Kisha akaweka risasi kwenye kitambaa ili isidondokee ndani ya pikipiki. Mwizi gani ana adabu hizo? Tena hata kabla ya yote haya, injini ya akiba ilikwishatiwa mafuta, kana kwamba kuna mtu aliyejua itahitajika." Alimgeukia fundi mkuu. Sauti yake ikashuka. "Fundi, uliniambia ulikuta bodi chini."

Fundi mkuu alitazama mikono yake.

"Nilikata mimi," alisema.

"Mjomba!"

"Nyamaza, mwanangu. Nilikata mimi, Mama. Ijumaa nilitoa plagi nikapima mgandamizo wa silinda. Ulipita kipimo cha pistoni zinazoruhusiwa, ukapita mbali. Nikamwendea Meneja. Akaniambia: 'Fomu ina sahihi ya nani?' Ni yangu. Nilisaini kasha likiwa bado limepigiliwa misumari, kwa sababu alisema fundi mwingine anasubiri kazi yangu. Kosa hilo ni langu, sina pa kulitupa."

"Kwa nini hukuja kwangu?"

"Kupitia wapi? Sanduku mlishaling'oa. Ningeandika jina langu, kisha nipeleke karatasi kwa nani akaisaini? Kwake." Alimwonyesha meneja mpya kwa kidevu. "Wakifungua injini baada ya mbio, mtoto anapoteza msimu mzima kwa kitu asichokijua. Wasipofungua, ataishi na ubingwa wa kuiba. Nikaona lakiri ikikatwa, utalazimika kufungua. Nami ningejitaja kabla ya saa sita, injini ikiwa imeshafunguliwa. Ni hilo tu nililoweza."

"Mmesikia!" Meneja mpya alimkamata mkurugenzi kiwiko. "Amekiri. Mfukuzeni, pigeni lakiri nyingine. Pikipiki haina kosa!"

Mkurugenzi alitazama simu zake, moja baada ya nyingine. "Mama Lakiri, tukisema ni hujuma ya mfanyakazi mmoja..."

Mkaguzi alitoa koleo, akaliweka mezani mbele yake. "Lina namba yangu. Alhamisi nilibana nalo uongo bila kujua. Leo najua. Kama utabana mwingine, chukua. Lakini ubane kwa mkono wako, mbele ya dereva huyu."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Cheche alikwenda kwenye ubao wa zana, akachukua spana, akamkabidhi mkaguzi.

Saa nne na robo kichwa cha injini kilikuwa nje. Pistoni nne zilikaa wazi, vichwa vyake vimechongwa na kuinuliwa. Mkaguzi alipima moja, akapima ya pili, akaacha.

"Niliwaahidi wadhamini ubingwa katika msimu wangu wa kwanza," meneja mpya alisema, kana kwamba hilo lilikuwa maelezo ya kutosha. "Mnadhani huyu mzee aliondolewa kwa nini? Miaka tisa ya kushindwa kwa heshima!"

"Saba," alisema meneja wa zamani. "Miwili tulishindwa vibaya."

Mkurugenzi alitoa uamuzi kwa shingo upande. Meneja mpya alipokonywa kitambulisho chake papo hapo. Fundi mkuu alifungiwa msimu mmoja kwa sahihi ya uongo, kuanzia saa ile. Kuhusu sanduku, alisema litafikiriwa. Mkaguzi akajibu kwamba skrubu zake anazo bado kwenye droo.

Mafundi wengine walifunga injini namba moja. Saa nane Cheche alianzia nafasi ya ishirini na nne, ya mwisho. Mjomba wake alizitazama mbio nje ya uzio, kwenye kiti cha turubai. Mwenye kiti alisimama kando yake, akilalamika kuhusu mgongo.

Cheche alipita watu kumi na saba. Alimaliza wa saba. Ubingwa ulikwenda kwa timu nyekundu kwa pointi mbili.

Mkaguzi alikuwa katika chumba cha ukaguzi akiwasubiri watatu wa kwanza, ambao ndio pekee waliopaswa kufunguliwa injini, alipoona pikipiki ya bluu ikisukumwa kuingia. Uso wa Cheche ulikuwa na michirizi ya vumbi na machozi.

"Wewe si zamu yako, binti yangu. Kapumzike."

"Najua. Fungua."

"Hakuna anayekutuhumu."

"Fungua, Mama."

Mkaguzi alimtazama, kisha akalifungua dirisha linaloelekea uzio. Alikata waya, akakunja ncha zake mbili kwa ndani. Na injini ilipokuwa wazi alipima pistoni zote nne, akisoma kila kipimo kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, hadi akasikia nje, mahali penye kiti cha turubai, mtu akipenga pua.