Mashuka ya Chiriku

Siku hizi Kinyozi hunywa chai ya asubuhi na mkewe tu. Zamani walikuwa watatu mezani, na huyo wa tatu alikuwa na maneno kuliko redio. Alikuwa binti yao. Walimwita Chiriku kwa sababu aliongea tangu anaamka mpaka analala.

Chiriku alizaliwa na udhaifu upande wa kushoto. Mkono wake wa kushoto haukuwa na nguvu. Mguu wa kushoto aliuburuta kidogo. Ulimi nao ulikuwa mzito, kwa hiyo maneno yalitoka polepole, moja moja. Lakini kunyamaza? Thubutu!

Kinyozi alimpenda mtoto huyu kupita kiasi. Kila asubuhi alimfunga vifungo, akamchana nywele, akampakia siagi kwenye mkate. Chiriku akijaribu mwenyewe, baba alivumilia kidogo, kisha mikono ikamwasha. Ni tabia ya kazi yake. Kinyozi hamwachi mteja aondoke bila kumpitishia mkono wa mwisho, hapa kidogo, pale kidogo. Basi hata nyumbani alikuwa hivyo hivyo. Chiriku akiosha kikombe, baba alikisuuza tena. Akitandika kitanda, baba alikinyoosha tena.

"Baba Chiriku," mkewe alimtania, "huyu ni mtoto, si kichwa cha mteja."

Walicheka wote watatu. Jamani, siku zile walicheka sana.

Chiriku akafika miaka kumi na saba. Shule ikaisha. Wenzake wakaenda kujifunza kazi, huyu ushonaji, yule useremala. Yeye akabaki amekaa mlangoni, akiwapungia mkono. Siku moja, katikati ya chakula, akaweka kijiko chini.

"Baba, mimi... nataka... kazi."

"Kazi ya nini, mama? Mimi si nipo?"

"Na... usipokuwepo?"

Kinyozi alisukuma sahani kando. Chakula kikamshinda.

Mkewe hakungoja. Kesho yake alimwita jirani yao mmoja, mama aliyefundisha vijana wenye ulemavu na kuwaandaa kwa kazi. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Alivuta kiti, akakaa karibu na Chiriku.

"Unapenda kufanya kazi gani?"

"Huyu anapenda sana ku—" alianza Kinyozi.

"Samahani, Baba Chiriku. Nimemuuliza yeye. Tumpe muda."

Wakangoja. Kinyozi aliona wanangoja mwaka mzima.

"Nguo safi," Chiriku akasema. "Napenda... harufu yake. Napenda... kukunja."

"Vizuri sana!" Mwalimu akatabasamu. "Tutaanza na kile anachokipenda na anachokiweza. Kitakachomshinda, tutakitafutia njia."

Mtaa wa pili palikuwa na Dobi. Alifua mashuka ya nyumba za wageni. Alikuwa mtu mkali kidogo, lakini mwenye haki. Mwalimu alizungumza naye, naye akakubali kumjaribu Chiriku kwa majuma machache. Angekunja mashuka baada ya kupigwa pasi.

"Kila jioni utaniambia kipi kimekusumbua," Mwalimu alimwambia Chiriku. Kisha akamgeukia baba. "Na wewe, kazi yako ni kumwacha."

"Nimekusikia, Mwalimu."

Alisikia, ndiyo. Kutii ndiko kulikomshinda.

Kila jioni Kinyozi alifunga duka lake mapema, akaenda kumchukua binti. Chiriku alipokuwa akinawa uani, na Dobi yuko mbele na wateja, baba alibaki peke yake na rundo la mashuka. Mengine yamekaa upande. Mengine kona zimechomoza. Mikono ikamwasha. Akavuta shuka moja, akalikunja upya. Halafu la pili. Halafu yote.

"Huyu binti ana mkono!" Dobi alisema asubuhi. "Mashuka yamenyooka kama ubao."

Chiriku alirudi nyumbani siku hiyo meno yote nje. Alirudia maneno ya Dobi mpaka mama akayajua kwa moyo. Kinyozi alimtazama, furaha na aibu vikamjaa pamoja. Angeachaje sasa? Akaendelea.

Halafu ikaja siku dukani kwake wateja walimjaa mpaka nje. Hakuweza kutoka. Chiriku alirudi peke yake kwa mara ya kwanza, akafika salama, akajisifu chakula kizima.

Kesho yake mchana Dobi aliingia dukani kwa Kinyozi na furushi. Akalitupa kwenye kiti.

"Jana hukwenda kumchukua binti."

"Nilibanwa na kazi, ndugu yangu."

"Nimeona." Dobi alifungua shuka moja. Lilikuwa limepinda vibaya. "Haya yamerudishwa na nyumba ya wageni. Kumbe siku zote nakusifu wewe! Mimi namvika mtoto kilemba cha ukoka bila kujua. Kesho asije."

Mteja aliyekuwa kwenye kiti kingine akajifanya anatazama dari. Kinyozi alitamani ardhi ipasuke.

Jioni alimwambia Chiriku ukweli wote. Binti hakulia. Alimkazia macho.

"Ulikunja... wewe?"

"Mimi, mwanangu. Nilitaka upate kazi."

"Ningejua... ninapokosea. Ningemwambia... Mwalimu. Baba... umeninyang'anya."

Kisha Chiriku akanyamaza. Alinyamaza siku ile, na iliyofuata. Nyumba nzima ikakosa raha.

Mwalimu alikuja. Hakumgombeza Kinyozi, na hilo likamuuma zaidi.

"Ulidhani unamsaidia," alisema. "Kumbe ulikuwa unamficha. Dobi hakuona kinachomshinda. Mimi sikukiona. Yeye mwenyewe hakukiona. Tungerekebisha nini?"

"Sasa nisimsaidie kabisa?"

"Msaidie sana! Lakini msaada mzuri unaiacha kazi mikononi mwake. Mtafutie kifaa kinachomfaa. Punguza urefu wa meza. Igawe kazi vipande vidogo, ajifunze kimoja kimoja. Mpe muda. Na uanzie hapa nyumbani. Vifungo vyake, chai yake, safari ya dukani. Atakosea, ndiyo. Wewe ulipoanza kunyoa, hukumharibu mtu kichwa?"

Mkewe aliangua kicheko. "Muulize kaka yangu! Alivaa kofia mwezi mzima!"

Hata Kinyozi alicheka. Halafu akavaa viatu, akaenda kwa Dobi.

"Kosa ni langu, si la mtoto," alisema. "Mpe nafasi aonyeshe kazi yake mwenyewe."

"Na wewe?"

"Sitavuka kizingiti chako."

"Aje na huyo Mwalimu wake. Wewe baki na vichwa vyako."

Chiriku alirudi kazini. Mwalimu alikaa pembeni, akamwacha ajaribu. Safari hii tatizo lilionekana wazi. Chiriku alipovuta kona moja, nyingine ilimponyoka. Mwalimu akapigilia vibanio viwili ukutani. Chiriku akabana kona mbili huko, akalivuta shuka kwa mkono wa kulia.

"Vishushe," Chiriku akasema. "Viko... juu mno."

Wakavishusha. Likakaa sawa. Akalilaza mezani, akaligandamiza kwa kiwiko cha kushoto, akalipitishia kiganja cha kulia. Mkono uleule dhaifu ukapata kazi yake.

Dobi aliligeuza shuka huku na huku. "Halifanani na yale ya baba yako."

"Hili... ni langu."

"Limenyooka," Dobi akasema. "Endelea."

Mwanzoni alikuwa taratibu. Dobi alimvumilia, kasi ikaja yenyewe. Majaribio yalipokwisha, Dobi alimwajiri. Mwalimu alihakikisha analipwa sawa na mkunjaji mwingine yeyote, kwa kuwa kazi ni ile ile.

Nyumbani Kinyozi alipata taabu, msimcheke. Asubuhi Chiriku alipopambana na vifungo, baba alikalia viganja vyake. Wakati mwingine alitoka nje kabisa. Lakini vifungo vilifungwa. Chai ikapikwa. Baadaye Chiriku akaanza kuweka akiba. Siku moja akasema amepata chumba cha kupanga, karibu na kazini.

Mama alilia, kisha akamchagulia sufuria. Kinyozi alibeba godoro, akaliweka pale alipoambiwa, asiongeze neno.

Majuzi mteja alivunja miadi, naye Kinyozi akapata nafasi. Akaenda kumtembelea binti bila kumwambia. Alibisha hodi. Kimya. Akabisha tena. Akasukuma mlango kidogo. Umefungwa kwa ufunguo.

Alibaki amesimama pale. Maisha yake yote, hakuna siku hata moja aliyomtafuta Chiriku nyumbani akamkosa.

Mpangaji wa chumba cha pili akachungulia. "Shikamoo, baba. Mwenyewe yuko kazini, harudi mpaka jioni. Kuna shida?"

"Marahaba, mwanangu." Kinyozi alicheka, huku machozi yanamtoka. "Hakuna shida yoyote. Mwambie baba yake alikuja, akamkosa."