Gari Lililomwita Mama

Gari lilikuwa limezimwa, ufunguo uko mkononi mwa mshonaji, lakini skrini yake ilikuwa bado inawaka.

"Labda betri," alijisemea, akarudi cherehanini.

Gari lenyewe la mtumba, alilinunua ili asambazie sare za shule. Asubuhi hiyo alikuwa ameunganisha simu yake na redio ya gari, apokee simu za wateja bila kuachia usukani. Skrini ikamuuliza: ruhusu gari lisome majina yote? Akabonyeza ndiyo, kama tunavyobonyeza sote bila kufikiri. Papo hapo ikamjia harufu ya nywele zilizoungua.

Mchana dada yake akampigia.

"We, mbona ulininong'oneza tu? 'Dada, toka, nipo nje.' Nimetoka, hakuna mtu!"

"Mimi? Sijakupigia."

"Sauti yako siijui? Acha utani."

Mara shangazi, mara mteja: wote walikuwa wameitwa nje, kwa sauti yake. Mshonaji akawaza ni jina la nani limebaki. Mama! Mama yake alikuwa haoni tena. Kwake yeye, binti alikuwa sauti tu.

Alikimbilia chumbani kwa mama akakuta kitanda kitupu na mlango wa uani wazi, na kadiri alivyolikaribia gari ndivyo ile harufu ilivyomkaba koo, na nyuma ya vioo vilivyofungwa, jua likiwaka, akamwona mama yake ameketi kiti cha nyuma, jasho likimtiririka, anatabasamu, anapiga soga, na kwenye spika sauti ya mshonaji mwenyewe ikimjibu taratibu, kwa upole ambao yeye hakuwahi kuupatia nafasi.

"Mama, fungua! Ni mimi!"

"Nani wewe?" mama akauliza. "Mwanangu yupo humu na mimi."

Ufunguo uligoma. Nyundo ilidunda kwenye kioo kama mpira. Jirani akamleta mganga mbio mbio. Mganga akaweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa kimeungua.

"Jini huyu ana ruhusa yako," akanong'ona, kisha akapaza sauti: "Toka!"

"Natoka," spika zikajibu. "Ila siondoki mikono mitupu."

Mama akalala upande, mdomo wazi.

"Chukua chochote!" mshonaji akapiga yowe. "Niachie mama yangu!"

Milango ikafunguka yote kwa pamoja. Skrini ikazimika. Wakamtoa mama, wakampepea, wakammwagia maji mpaka akavuta pumzi.

"Mwanangu, uko wapi?"

Mshonaji akamshika mkono, akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Kimya.

"Nijibu basi, mwanangu."

Nyuma ya ukuta gari la mtu mwingine lilikuwa likipita polepole. Ndani yake sauti ikaitika:

"Abee, mama."

Mama akatabasamu, akauchomoa mkono wake taratibu, akageukia barabarani.