Siku ya Afrika ni ya Nani?

Kila Jumamosi asubuhi akina mama wa mtaa mmoja wa Katoro hukutana uani kwa Eufrasia, mwenyekiti wao. Jumamosi hiyo walikuwa wakijiandaa kwa Siku ya Afrika, wakiimba na kupimana sare za vitenge.

Naznin, mwenye duka la vyombo hapo jirani, wa ukoo wa Kihindi, alikuja na kitenge chake. Aliwaamkia kwa Kisukuma kama kawaida yake: "Mwangaluka."

Eufrasia hakuitikia. Mdomo ulimwasha. "Mama, hii ni siku ya Waafrika. Ninyi mna kwenu."

Naznin alikikunja kitenge chake, akaondoka. Wengine walicheka, na Eufrasia akacheka kuliko wote.

Martina, afisa maendeleo wa kata aliyekuwa pamoja nao, hakucheka. Aliwauliza maana ya siku hiyo. Wakajibu ni siku ya watu weusi.

"Hiyo ni nusu," Martina akasema. "Babu zetu waliuzwa, wakatawaliwa, wakadharauliwa kwa weusi wao. Ndipo watu weusi wa hapa na wa ng'ambo wakasema tuungane. Huo ndio umajumui wa Afrika. Rangi imo katika historia yake, hatuifichi. Wako hata wanaosema ni wa weusi peke yao. Lakini nchi zetu zilipounda umoja wao, tukio tunaloliadhimisha siku hii, Waarabu wa kaskazini walikuwamo. Shabaha ni kuondoa dharau, si kumtwika mwingine. Naznin amezaliwa hapa. Na kama ni rangi, mbona yule mama wa Burundi anayeuza dagaa hamkumwita?"

Eufrasia alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikumbuka msiba wa mama yake. Naznin alilala mkekani pamoja nao mpaka matanga yakaisha.

Hakungoja. Alipita kwa mama wa Burundi, akamwalika. Kisha akaenda dukani.

"Nimekukosea, ndugu yangu."

Naznin hakumkaripia. "Mimi nitayasahau. Lakini mama yangu ameyasikia. Tangu asubuhi anafunga mizigo. Ananiuliza tutafukuzwa lini."

Eufrasia aliingia ndani. Bibi Khatija, mama yake Naznin, mzaliwa wa Kishapu hapa hapa nchini, alikuwa anakunja shuka. Eufrasia akapiga magoti.

"Shikamoo, mama. Hakuna wa kuwafukuza. Maneno yale ni yangu, na nilikosea."

Bibi aliacha kukunja. "Marahaba," akajibu.

Akampa ncha moja ya shuka, wakalitandika tena kitandani.